Polio inaanzia tumboni: jinsi kirusi kinavyompoozesha mtu na kwanini hakijaisha mpaka leo

Ukimuuliza mtu polio ni ugonjwa gani, wengi watakwambia ni ugonjwa wa miguu. Hawana kosa, maana kinachoonekana ni mguu, umekonda, mtoto anatembelea magongo au anatambaa. Ila kwa kirusi chenyewe mguu sio ishu kabisa. Polio ni kirusi cha utumbo, kinazaliana tumboni, kinatoka na choo, kinatafuta tumbo lingine, na watu wengi wanaokipata hata hawajui kama walikipata. Kupooza ni ajali inayotokea njiani, na kirusi hakipati faida yoyote humo. Ukishalishika hili ndo mambo mengine ya polio yanaanza kueleweka, kwanini mtoto mmoja tu akipooza nchi nzima inatangaza dharura, kwanini kuna chanjo mbili na wataalamu wanabishana, kwanini watu wanachota maji taka na kuyapeleka maabara, na kwanini vita iliyotangazwa 1988 bado inapiganwa.

Kirusi chenyewe ni kidogo mno, upana wake ni kama nanomita 30, maana yake ukivipanga mstari mmoja unahitaji zaidi ya 30,000 kufika milimita moja. Kuna aina tatu, zinaitwa tu aina ya 1, ya 2 na ya 3, na kinga ya moja haikulindi vizuri na nyingine. Tofauti na virusi vya mafua au korona, hiki hakina koti la mafuta, ni ganda la protini tupu na ndani kuna uzi mmoja wa RNA, yaani maagizo ya kutengeneza kirusi, wenye herufi kama 7,500. Hilo la kukosa mafuta linaonekana dogo ila ndo siri ya safari yake, asidi ya tumbo haikifanyi kitu, kinapita salama mpaka utumboni, na nje ya mwili kinakaa kwenye maji na kwenye vidole bila kuharibika haraka. Kunawa mikono kunasaidia kwa sababu maji yanakiondoa kwenye ngozi, sio kwamba sabuni inakiyeyusha.

Kinaingia kwa mdomo. Maji au chakula kilichoguswa na kinyesi cha mtu mwenye kirusi, mikono ambayo haijanawiwa, wakati mwingine mate. Kikifika kooni na utumboni kinatafuta seli ambayo juu yake ina protini inayoitwa CD155. Hiyo protini ina kazi zake mwilini, haikuwekwa pale kwa ajili ya polio, lakini kirusi ndo kimeigeuza mlango wa kuingilia. Mlango wa aina hii wanao binadamu na jamii ya nyani, panya hana, kuku hana, ng'ombe hana, na katika maisha ya kawaida kirusi kinazunguka kwa binadamu peke yake. Shikilia hiyo point, ndo inayofanya watu waamini kwamba polio inaweza kufutwa duniani, maana hakina mnyama wa kujifichia porini.

Kikishajibana kwenye ule mlango, ganda linabadilika umbo na uzi wa RNA unaingia ndani ya seli. Hapa kuna ujanja ambao unanishangaza kila nikiusoma. Uzi umeandikwa kwa namna ambayo mitambo ya seli ya kutengeneza protini inausoma moja kwa moja, inadhani ni maagizo ya humo humo ndani. Inatengeneza protini moja ndefu, halafu hiyo protini inajikatakata yenyewe vipande na kila kipande kinakuwa na kazi yake. Kipande kimojawapo kazi yake ni kukata kitu ambacho seli inakihitaji ili isome maagizo yake yenyewe, kwa hiyo maagizo ya seli yanakwama ila ya kirusi yanaendelea kusomwa, kwa sababu yenyewe yana njia yake ya pembeni ya kuingilia kwenye mtambo. Seli nzima inageuka mtumwa, na baada ya masaa kama nane hivi inapasuka na kumwaga virusi vipya kwa maelfu.

Hayo yote yanatokea kooni na utumboni, kwenye tonsili na kwenye vitezi vya ukuta wa utumbo. Kutoka hapo virusi vinaingia kwenye matezi ya jirani na baadaye kwenye damu. Kwa watu wengi sana stori inaishia hapo, mwili unatengeneza kingamwili, damu inasafishwa, ila choo kinaendelea kutoa virusi kwa wiki kadhaa. Ukichukua watu 100 walioambukizwa, kama 70 hivi hawasikii chochote. Kama robo yao wanapata homa, koo kuuma, kichwa, kutapika, vitu ambavyo mtu anasema tu nimeshikwa na mafua au nimekula kitu kibaya. Wachache wanapata shingo na mgongo kukakamaa kwa siku kadhaa halafu wanapona. Wanaopooza ni chini ya mmoja kati ya 100, WHO yenyewe inatumia makadirio ya mmoja kati ya 200. Sasa piga hesabu kwa upande wa pili. Ukiona mtoto mmoja amepooza leo, maana yake kirusi kimeshapita kwenye matumbo ya watu kama 200 kwenye jamii ile, wengi wao wazima kabisa, wanacheza, wanasafiri, wanaenda shule. Ndo maana kesi moja inatosha kuwatoa watu wa afya vitandani usiku.

Kwa huyo mmoja mwenye bahati mbaya, kirusi kinavuka kutoka kwenye damu kwenda kwenye mfumo wa fahamu. Njia zinazojulikana ni mbili, moja ni kuvuka ule ukuta unaolinda ubongo na uti wa mgongo, nyingine ni kuingia kwenye mwisho wa neva ndani ya msuli halafu kupanda na neva hiyo kinyumenyume mpaka kwenye uti wa mgongo. Hii ya pili inaelezea jambo ambalo madaktari wa zamani waliliona na likawasumbua, kwamba wakati wa mlipuko mtoto aliyechomwa sindano ya dawa yoyote kwenye paja, mara nyingi ni mguu ule ule unaokuja kupooza, na aliyetolewa tonsili kipindi kile alikuwa kwenye hatari kubwa ya polio ya shina la ubongo. Sindano haikuleta polio, kirusi kilikuwa tayari mwilini, ila msuli uliojeruhiwa ulikifungulia njia ya kupandia.

Kikifika kwenye uti wa mgongo hakishambulii hovyo. Kinaenda upande wa mbele, kwenye seli zinazopeleka amri kwa misuli, na zile za kupokea hisia kinaziacha. Kwa hiyo mtoto mwenye polio anasikia kila kitu, ukimfinya anasikia, ukimpaka maji baridi anasikia, ila mguu haumtii. Mara nyingi inaanza na homa na maumivu makali ya misuli, halafu ndani ya siku mbili tatu kiungo kinalegea, na homa ikishuka kupooza nako kunaacha kuendelea. Kwa kawaida upande mmoja unaumia kuliko mwingine, miguu zaidi ya mikono. Dawa ya kukiua kirusi hamna. Zinaposhambuliwa seli zinazoendesha misuli ya kupumua mtu anaweza kufa, na kati ya wanaopooza 5 hadi 10 kwa kila 100 wanafariki namna hiyo.

Hapo kwenye kupumua kuna historia ambayo watu wengi hawaijui japo kila ICU (chumba cha wagonjwa mahututi) duniani ina deni nayo. Mwaka 1928 kule Boston, Philip Drinker na mwenzake Louis Shaw walikuja na pafu la chuma, pipa kubwa mgonjwa anaingizwa mwili wote kichwa kinabaki nje, hewa ndani ya pipa inavutwa na kuachiwa ili kifua kipande na kushuka. Liliokoa wengi ila lilikuwa ghali na halikutosha kamwe. Agosti 1952 mlipuko ukaikumba Copenhagen, hospitali ya Blegdam ikawa inapokea mpaka wagonjwa 50 kwa siku na pipa la namna hiyo walikuwa nalo moja tu. Wagonjwa 31 wa kwanza walioshindwa kupumua, 27 walikufa. Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, akapendekeza kitu ambacho kilikuwa kinafanyika kwenye chumba cha upasuaji tu, toboa koo, ingiza mpira, halafu sukuma hewa kwa mkono kwa kubinya mfuko. Kwa mkono! Wakaita wanafunzi wa udaktari, kama 1,500 walipita pale kwa zamu, wanakaa kando ya kitanda masaa sita au nane wanabinya mfuko, mchana na usiku, kwa wiki na wiki. Vifo vikashuka sana, na lile wazo la kuwaweka wagonjwa mahututi chumba kimoja na kuwapumulia kwa kusukuma hewa ndo mwanzo wa ICU tunazozijua.

Wanaopona nao wana jambo lao. Neva zilizobaki hai zinatoa matawi na kwenda kuhudumia nyuzi za misuli zilizoachwa na neva zilizokufa, kama jirani anayebeba watoto wa marehemu juu ya wa kwake. Ndo maana mtu anaweza kurudisha nguvu kiasi kikubwa miezi ya kwanza kwa mazoezi. Ila mzigo ni mzigo. Miaka 15 mpaka 40 baadaye baadhi yao wanaanza kuchoka upya, misuli inadhoofika, viungo vinauma, mtu anadhani polio imerudi. Haijarudi, na haimwambukizi mtu.

Kitu kingine kinachowachanganya watu ni kwamba polio ni ya zamani mno, kuna jiwe la Misri ya kale lenye mchoro wa mwanaume mwenye mguu mmoja uliosinyaa anaegemea fimbo, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, lakini milipuko mikubwa ilianza pale miji ya Ulaya na Marekani ilipopata maji safi na vyoo. Unategemea iwe kinyume si ndio? Zamani kila mtoto alikutana na kirusi akiwa mchanga sana, bado ana kingamwili za mama yake damuni, anapata kinga bila kuumia. Usafi ulipoongezeka watoto wakaanza kukutana nacho wakiwa wakubwa, kinga ya mama imeshaisha. Mwaka 1916 Marekani ilipata kesi zaidi ya 27,000 na vifo kama 6,000. Franklin Roosevelt alipooza 1921 akiwa na miaka 39, mtu mzima mwenye mali zake, na baadaye akiwa rais wa Marekani, 1938, akaanzisha mfuko ambao wananchi wa kawaida waliuchangia senti kumi kumi. Hela hizo ndo zililipia sehemu kubwa ya utafiti wa chanjo.

Kwenye chanjo nitaenda haraka mwanzoni halafu tutulie kidogo. Mwaka 1908 Karl Landsteiner na Erwin Popper kule Vienna walionyesha kwamba kinacholeta polio ni kirusi. Mwaka 1949 wanasayansi Enders, Weller na Robbins waliweza kukiotesha kwenye seli zisizo za neva, wakapewa Nobel 1954, na bila wao hakuna ambaye angepata virusi vya kutosha kutengenezea chanjo. Jonas Salk akavikuza, akaviua kwa kemikali ya formalini, akavitia kwenye sindano. Jaribio la 1954 lilihusisha watoto kama milioni 1.8 na majibu yakatangazwa tarehe 12 Aprili 1955, inafanya kazi. Wiki chache tu baadaye ikagundulika kiwanda kimoja cha California hakikukiua kirusi sawasawa, watu kama 200 wakapooza na 10 wakafa, na kanuni za usalama wa chanjo zikakazwa kuanzia hapo. Albert Sabin yeye akaenda njia nyingine, kirusi kizima ila kimedhoofishwa, matone mawili mdomoni basi. Majaribio makubwa ya matone yalifanyika Urusi ya Kisovieti mwishoni mwa miaka ya 1950 akishirikiana na Mikhail Chumakov, katikati ya vita baridi, jambo ambalo mpaka leo naona ni la ajabu.

Sasa rudi kwenye tumbo. Sindano ya Salk inaweka kingamwili kwenye damu, kirusi kikijaribu kupita damuni kwenda kwenye neva kinadakwa, kwa hiyo aliyechanjwa hapoozi. Lakini utumbo wake bado unaweza kukipokea kirusi, kikazaliana, kikatoka chooni. Matone ya Sabin yanapita njia ile ile ya kirusi halisi, yanajenga kinga palepale ukutani kwa utumbo, yanakata mzunguko. Ushahidi mzuri ni Israeli 2013. Walikuwa wanatumia sindano peke yake tangu 2005, watoto karibu wote wamechanjwa, halafu kirusi halisi cha aina ya 1 kikaonekana kwenye maji taka na kikaendelea kuonekana kwa miezi. Hakuna hata mtoto mmoja aliyepooza. Sindano ilifanya kazi yake kikamilifu na kirusi nacho kikaendelea na maisha, ikabidi warudishe matone ndo kikakatika.

Mwaka 1988 mkutano mkuu wa afya wa dunia uliamua polio ifutwe. Wakati ule watoto kama 350,000 walikuwa wanapooza kila mwaka kwenye nchi zaidi ya 125. WHO, UNICEF, Rotary na CDC ya Marekani wakaingia, na silaha ikawa matone, kwa sababu ni rahisi, hayahitaji sindano, mtu yeyote aliyefundishwa siku moja anaweza kuyatoa. Ukiangalia kampeni ya nyumba kwa nyumba kwa karibu unaona vitu vidogo vilivyofikiriwa sana. Kichupa cha matone kina stika yenye duara, na katikati ya duara kuna kimraba cheupe ambacho kinaiva rangi kadiri kichupa kinavyopigwa na joto, kikishalingana rangi na duara chupa inatupwa, haina mjadala, mchanjaji hahitaji kujua kusoma wala kuwa na kipimajoto. Mtoto akishapewa matone anapakwa wino usiofutika kwenye kidole kidogo cha mkono wa kushoto, mlango wa nyumba unaandikwa kwa chaki, na timu nyingine inapita baadaye kukagua vidole mtaani na sokoni kuona nani karukwa.

Na upelelezi unaendelea pembeni muda wote. Mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 akilegea kiungo ghafla, hata kama daktari ana uhakika sio polio, zinachukuliwa sampuli mbili za choo zilizopishana angalau masaa 24, ndani ya siku 14 tangu alegee, zinabebwa kwenye barafu mpaka maabara. Nchi ikisema haijapata hata mtoto mmoja aliyelegea kwa sababu yoyote ile haisifiwi, inaulizwa maswali, maana kuna magonjwa mengine yanayolegeza watoto na kila mahali lazima wawepo.

India wengi waliiona ni mlima usiopandika. Uttar Pradesh na Bihar kulikuwa na watoto waliopewa matone mara kumi na bado wakapooza, kwa sababu matumbo yaliyojaa kuhara na vimelea vingine hayayapokei matone vizuri. Wakabadilisha mbinu, wakaleta matone ya aina moja moja na baadaye ya aina mbili, wakaweka wachanjaji kwenye treni na stesheni kuwafuata watoto wa vibarua wanaohamahama. 2009 kesi 741, 2010 kesi 42, 2011 kesi moja mwezi Januari, na hakuna tena.

Kwingine tatizo halikuwa tumbo, lilikuwa imani. Mwaka 2003 Kano na majimbo jirani ya kaskazini mwa Nigeria yalisimamisha chanjo kwa uvumi kwamba inafunga uzazi, na japo baadaye walikubali chanjo iliyotoka Indonesia, nchi ya Waislamu wenzao, kirusi kikasambaa nchi kama 20 zilizokuwa zimeshaimaliza, kikafika mpaka Indonesia hiyo hiyo. Na CIA, shirika la ujasusi la Marekani, ilipotumia kampeni feki ya chanjo ya homa ya ini kule Abbottabad wakati wa kumtafuta Osama bin Laden, iliwapa wapinga chanjo wa Pakistan ushahidi wa kweli mkononi. Wachanjaji wameuawa, wengi wao wanawake wa kawaida waliokuwa wanalipwa kidogo. Mtu anayesema wazazi wale ni wajinga hajaangalia nani aliwapa sababu.

Matone yenyewe yana udhaifu wake, na hapa naona afadhali kusema wazi kuliko kuficha halafu watu wakaja kusikia kwa wapotoshaji. Kirusi kilichodhoofishwa kinatoka chooni kwa aliyechanjwa. Jamii ikiwa imechanjwa vizuri kinakosa pa kwenda kinakufa. Jamii ikiwa na watoto wengi ambao hawajachanjwa kinapita tumbo hadi tumbo kwa miezi, kinabadilika herufi moja moja, mpaka kinarudisha uwezo wa kupoozesha, na hicho ndo nakiita kirusi cha mabaki. Aina ya 2 ndo msumbufu zaidi kwa hili. Kwa kuwa aina ya 2 ya asili ilitangazwa kuisha 2015, Aprili 2016 nchi 155 ziliondoa aina hiyo kwenye matone kwa pamoja. Haikwenda ilivyopangwa, mabaki yake yalikuwa tayari yanazunguka kimyakimya, na sasa kukawa na watoto wapya wasio na kinga ya tumbo dhidi yake. Mwaka 2020 aina hiyo ilipoozesha watoto zaidi ya 1,000. Tangu Machi 2021 yanatumika matone mapya ya aina ya 2, kirusi chake kimesukwa upya kwenye sehemu ile ya uzi inayopenda kurudi nyuma, na dozi zaidi ya bilioni moja zimeshatolewa. Kujirudia hakujaisha kabisa ila kumepungua sana. Na dawa ya milipuko hii ya mabaki ni ile ile, chanja watoto wengi zaidi.

Kirusi cha asili sasa kimebaki aina ya 1 tu, aina ya 3 ilitangazwa kuisha 2019, na nchi mbili ambazo hazijawahi kukata mzunguko wake ni Pakistan na Afghanistan. Afrika ilithibitishwa haina polio ya asili Agosti 2020. Mwaka uliofuata mtoto akapooza Lilongwe, Malawi, na vipimo vya vinasaba vikaonyesha kirusi chake kilikuwa ndugu wa kile cha Pakistan, halafu 2022 Msumbiji ikapata kesi nane kabla hakijazimwa. Mwaka 2021 dunia nzima ilikuwa na kesi sita za kirusi cha asili, watu wakaanza kunong'ona kwamba mwisho umefika, 2024 Pakistan peke yake ikapata 74. London na New York nako kirusi cha mabaki kilikutwa kwenye maji taka 2022, na karibu na New York kijana mmoja ambaye hajachanjwa alipooza.

Na hata siku aina ya 1 ikitangazwa kuisha kazi haifungwi siku hiyo hiyo. Matone yatalazimika kusimamishwa dunia nzima, maana yakiendelea yatazalisha mabaki mapya, watoto watabaki na sindano kwa miaka mingi, maji taka yataendelea kuchotwa, na maabara zote zenye sampuli za kirusi zitatakiwa ziziharibu au zizifungie kwenye vituo vichache vilivyoruhusiwa. Hiyo ya maabara tayari imeanza kwa aina ya 2.